Mrefu Harudi Nyuma, Mrefu Hushuka

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Kampala, mbele ya wapenzi wa magari ya michezo, mafundi wa gereji, na jamaa waliofuata harufu ya muchomo, nyama ya kuchoma. Wengi mlikwama kwenye mvua mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Habari za jioni, ndugu zangu? Hamjaitikia vizuri. Habari za jioni? Naam. Sasa najua nyama bado haijaiva, maana ingeiva mngekuwa mnatafuna.

Wazee wangu, mafundi wangu, ssebo na nyabo, yaani mabwana na mabibi, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi nina futi sita na inchi tano. Kwa mita ni 1.96. Babangu alikuwa askari, nimelelewa kambini, na Kiswahili changu ni cha kambini. Nikikosea ngeli nisameheni. Nikikosea kipimo nikamateni shati.

Gari langu mnalijua, lile jekundu mnalosema silipandi bali nalivaa. Ni Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1991, ile ambayo kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos. Dunia ililiona mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1989. Viti viwili, paa la turubai, taa zinazoinuka kama macho ya chura. Kimo chake hakifiki mita 1.25, yaani nikisimama kando yake paa liko chini ya mbavu zangu.

Waliolitengeneza walikuwa na msemo wao, jinba ittai: mpanda farasi na farasi kuwa mwili mmoja. Maneno matamu. Lakini niulizeni: mpanda farasi ambaye magoti yake yako masikioni, amekuwa mwili mmoja na nani?

Kuna kijana pale nyuma amesimama, si kwa heshima, ni kwa sababu kiti cha plastiki kimemkataa. Mdogo wangu, usijifiche, huwezi. Huyu ametoka Juba, anasoma hapa, na ana Roadster kama langu. Wiki mbili zilizopita aliniambia analiuza. Nikamuuliza, injini? Hapana. Gia? Hapana. Akasema, "Kaka, haliniingii." Mazungumzo ya leo ni kwa ajili yake. Na kwa ajili ya kila mtu aliyewahi kushuka kwenye gari lake kwa mikono miwili kama mzee anayetoka shimoni.

Nianze na swali. Mtu mrefu akiingia kwenye gari, kitu cha kwanza anachofanya ni nini? Mkono unakwenda chini ya kiti, unatafuta wenzo, halafu trrr, kiti nyuma mpaka mwisho. Bado kichwa kinagusa paa? Analaza egemeo la mgongo. Bado? Analaza tena. Sasa kichwa kimepata nafasi, miguu imepata nafasi, na dereva amelala kama yuko ufukweni Entebbe. Anasema, aah, sasa nimeenea.

Hujaenea. Umelikimbia gari.

Nimelikimbia mimi mwenyewe, mwaka mzima. Siku moja natoka Masaka, nafika Lukaya. Mnaijua Lukaya: ukipunguza mwendo tu, vijana wanakuzunguka na kuku wa kuchoma kwenye vijiti. Kijana mmoja aliona wateja upande wa pili akakata barabara mbele yangu. Nikazungusha usukani kwa nguvu. Na mkono ukaisha! Nawaambia mkono uliisha. Nilikuwa nimelala nyuma sana, mikono imenyooka kama mtu anayesukuma toroli, na ili mkono ufike upande wa juu wa usukani ilibidi bega litoke kwenye kiti. Bega likitoka, mwili mzima unayumba, na mwili ukiyumba unaushikilia usukani badala ya kuuzungusha. Kijana alipona kwa sababu alikuwa mwepesi. Mimi sikumsaidia kwa lolote. Kuku alianguka, nikamlipa, tukaachana salama.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, na hiki hakihitaji spana. Kaa, makalio yaingie mpaka ndani kabisa kwenye pembe ya kiti. Mabega yaguse egemeo. Nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono, si vidole, kifundo, kilale juu ya ukingo wa usukani bila bega kutoka. Kisha kanyaga klachi mpaka chini: goti libaki limekunjika kidogo. Goti likinyooka kabisa, siku ya ajali nguvu yote inapanda kwenye nyonga.

Na kulala kuna ubaya mwingine. Mkanda wa kiunoni unatakiwa ukae kwenye mifupa ya nyonga. Ukilala, mkanda unapanda tumboni, na gari likigonga mwili unateleza chini yake. Tumbo halina mfupa wa kushika mkanda. Nadhani nimeeleweka.

Basi mrefu afanye nini? Nyuma hapana, kulala hapana. Wapi pamebaki?

Chini. Mrefu harudi nyuma, mrefu hushuka. Semeni na mimi: mrefu harudi nyuma, mrefu hushuka. Wafupi pia semeni, haina ushuru.

Tazama kushuka kunatibu nini. Sentimita tatu tu. Kichwa kinaachana na paa. Paja linaachana na usukani. Egemeo la kichwa, ambalo kwenye viti hivi haliinuki kwa sababu limeungana na kiti, linapanda kutoka shingoni mpaka nyuma ya kichwa, mahali pake. Na macho! Kabla sijashuka, macho yangu yalikuwa usawa wa fremu ya juu ya kioo cha mbele. Pale kwenye taa za Jinja Road nilikuwa siioni taa. Ilibidi niiname kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, na nikichelewa kuinama, boda zote za Kampala zinanipigia honi. Leo naiona taa nikiwa nimekaa kama mtu.

Kuna watu watasema, si ukate paa? Niwape kisa. Mwaka 1967, kwenye mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa, Ford walikuwa na magari ya ukoo wa GT40. Ile arobaini ni inchi: kimo cha gari, kama mita moja na nukta. Dereva wao mmoja, Mmarekani Dan Gurney, alikuwa mrefu, kofia yake ikawa haiingii. Wakatengeneza nundu kwenye paa, upande wake, nundu kama sufuria iliyopinduliwa. Akashinda mashindano hayo pamoja na A. J. Foyt, na mpaka leo ile nundu inaitwa kwa jina lake. Kisa kizuri. Lakini wewe una mainjinia wa Ford? Mimi nina Mama mmoja fundi viti kule Ndeeba.

Na huyu Mama ndiye aliyenitibu. Ngoja niwaeleze polepole, maana hapa ndipo penye kazi.

Nilimpelekea kiti kimefunguliwa, bolti nne tu na kiti kinatoka. Akakigeuza miguu juu, akakitazama kama daktari. Akaniuliza, "Mwanangu, unataka kuketi juu ya godoro au ndani ya gari?" Nikasema ndani ya gari. Akachukua koleo. Kitambaa cha kiti kimeshikwa na pete ndogo za waya, kwa chini na kwenye mifereji ya mshono. Akazikata moja moja, tik, tik, tik, akazihesabu, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Akavua kitambaa kama unavyomvua mtoto soksi. Sponji ikabaki uchi, ya manjano, nene. Pembeni, zile kuta zinazoshika mapaja, hakugusa. Akaniambia nikae juu yake nikiwa na suruali nyembamba, nitulie, nisimame. Pale mifupa miwili ya makalio ilipobonyea akachora kwa kalamu ya wino mzito. Mchoro ukawa kama kwato ya punda.

Halafu akapindua sponji. Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Hakukata upande wa juu ninaoukalia! Alikata upande wa chini, kwa kisu kirefu cha mkate alichokilowesha maji ya sabuni. Ukikata juu, kiti kinapoteza sura na kitambaa kinakunjamana. Ukikata chini, juu kunabaki laini na umbo lake, ila kiti kizima kinazama. Alitoa kipande kinene kama kiganja changu kikilazwa. Mbele, chini ya mapaja, hakutoa kitu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, ukishusha makalio na mapaja pamoja, hujashuka, umehama tu. Nyuma ishuke, mbele ibaki, paja lilale juu ya kiti badala ya kuning'inia.

Kisha akatoa sponji kidogo kwenye egemeo, sehemu ya chini, nyuma ya kiuno. Hapo nikapata nafasi ya miguu bila kusogeza reli hata tundu moja. Mnaona? Nilirudi nyuma bila kurudi nyuma. Kitambaa akakirudisha kwa zile kamba za plastiki za mafundi umeme, zinabana kuliko pete.

Onyo lake nalileta kama alivyolisema: usimalize sponji. Bakiza vidole viwili vya sponji ngumu chini ya mifupa. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na uti wa mgongo hauna spea pale soko la Kiseka.

Nani hapa amewahi kukata reli za kiti na kuchomelea? Msinyooshe mikono, mafundi wapo.

Mimi nilichomelewa. Hiyo ni kabla ya Mama wa Ndeeba. Nilipeleka gari kwenye gereji moja, jina nalihifadhi, nikasema kiti ni kirefu, nishusheni. Baada ya saa mbili tu wakanipigia simu gari liko tayari. Walikata miguu ya reli, wakaifupisha, wakachomelea, wakapaka rangi nyeusi. Kilishuka sentimita tano! Nilifurahi, nikawapa na ya soda. Miezi minne baadaye niko barabara ya Northern Bypass asubuhi, matatu mbele yangu ikafunga breki kwa ajili ya abiria. Nami nikafunga. Gari likasimama. Mimi sikusimama. Mguu wa nyuma wa kiti, kushoto, ulikatika pale pale pembeni ya mchomeleo, kiti kikainuka kama kifuniko cha birika, kidevu changu kikatua katikati ya usukani. Honi ikalia. Watu wakadhani nimekasirika.

Na hapo sikugonga mtu. Ilikuwa breki tu. Sasa pigeni hesabu ya ajali. Mtu wa kilo 90, gari likisimama ghafla kwa nguvu mara ishirini ya uzito, anakuwa tani 1.8 kwa kufumba na kufumbua. Sehemu ya mzigo huo inapita kwenye kiti, maana kwenye magari mengi kishikio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Nani anataka kuning'iniza tani kwenye mchomeleo wa saa mbili? Chuma cha reli kikipata moto wa kuchomelea bila utaalamu, pembeni mwa mshono kinakuwa dhaifu, na rangi nyeusi inaficha ufa na kutu kwa pamoja. Sisemi wachomeleaji wetu hawajui kazi. Wanajua geti, wanajua dirisha. Reli ya kiti si dirisha.

Ukitaka kushuka zaidi ya sponji, nunua reli za chini zilizotengenezwa kwa gari hilo, au kiti cha bakuli, kile cha mashindano kinachokumbatia mwili, chembamba chenye mabano yake. Na bolti, jamani, bolti! Tazama kichwa chake, kimeandikwa namba. Kikiwa na 8.8 au zaidi, funga. Kikiwa kitupu, kirudishe dukani kikafunge kabati. Na gari jipya zaidi lenye mifuko ya hewa kwenye viti: chini ya kiti utaona soketi ya manjano. Manjano maana yake usiguse kabla hujatoa nyaya za betri na kusubiri dakika kadhaa.

Usukani. Hapa nitapita haraka kwa sababu nyama inanukia.

Usukani wa gari langu haupandi, haushuki, hauji, hauendi. Umekaa alipouweka Mjapani. Gari hili hili lilisubiri mpaka kizazi cha nne, matoleo ya 2019, ndipo usukani ukaanza kuvutika kuja kwa dereva. Karibu miaka 30 na magari zaidi ya milioni! Sisi warefu ni watu wa subira.

Dawa yangu ilikuwa usukani mdogo, wa milimita 350, pamoja na spesa, kipande kinachowekwa nyuma ya usukani na kuuleta karibu. Msidanganyike na udogo: ukipunguza kipenyo kwa milimita 20, ukingo wa chini unapanda milimita 10 tu. Lakini milimita 10 pale juu ya paja ni kiwanja. Spesa ndiyo iliyonipa kifundo cha mkono juu ya ukingo huku mgongo umesimama. Hasara ipo: usukani mdogo ni mzito wakati wa kuegesha, na ukingo wake unakata mshale wa mwendokasi katikati. Kati ya kilomita 60 na 90 mimi huwa nakisia. Afande wa trafiki kama yupo hapa, nimesema huwa nakisia vizuri.

Ila sikilizeni. Gari langu halina mfuko wa hewa kwenye usukani, ndiyo maana nilithubutu. La kwako likiwa nao, usiung'oe kwa ajili ya goti. Huo mfuko ni wa uso wako. Na usijisogeze mno pia: kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani acha angalau sentimita 25.

Viatu nilitaka kusahau. Soli nene ya sentimita tatu inainua goti lako karibu sentimita tatu. Umelipa fundi akushushe, halafu unajipandisha kwa buti za dukani. Viatu vyembamba, jamani. Mimi nina jozi ya kuendeshea tu, iko chini ya kiti cha abiria, mke wangu anaichukia.

La mwisho ni kichwa, na hili ni kwa wanaokwenda kukimbiza magari Busiika. Paa la turubai si paa. Gari likipinduka, kinachobeba uzito ni fremu ya kioo mbele na upinde wa chuma nyuma yako, kama umeuweka. Chukua mti wa fagio. Ulaze kutoka juu ya upinde mpaka juu ya fremu ya kioo. Dereva akae na helmeti, mkanda umefungwa. Helmeti iwe chini ya ule mti, na kati yake na mti ibaki nafasi ya sentimita tano. Mti ukigusa helmeti, hujashuka vya kutosha. Niliwahi kumpima rafiki yangu akasema, "Basi nitainama nikiona linapinduka." Nikamwambia, ukiliona linapinduka utakuwa umeshapinduka nalo.

Hata kwenye Formula 1 warefu walilia miaka mingi, maana dereva mrefu ni mzito, na kilo zake zilihesabiwa pamoja na gari. Mwaka 2019 ndipo walipoweka kanuni: dereva na kiti chake wahesabiwe kando, wasipungue kilo 80, na aliyepungua aongezewe uzito. Kwa hiyo msione aibu kudai nafasi yenu. Ingawa kuna mipaka. Marehemu Manute Bol, ndugu yetu wa Sudan Kusini aliyecheza kikapu Marekani, alikuwa na mita 2.31. Huyo hata Mama wa Ndeeba angemwambia, mwanangu, panda lori.

Wewe, mdogo wangu wa Juba, una ngapi? Mita 2.01? Hiyo ni sentimita tano tu kunizidi. Njoo mbele. Mpisheni, mpisheni. Funguo hizi hapa, gari liko chini ya mwembe, paa limefunguliwa. Vua hizo buti kwanza, ndiyo, hapa hapa mbele za watu. Ukifika, wenzo wa kiti usiuguse. Makalio yatangulie mpaka ndani kabisa, halafu mabega, halafu kifundo cha mkono juu ya usukani. Kaa humo humo utulie. Nyama ikiiva tutakuletea dirishani.